Fyuzi ya taa za nyuma inakata kila siku, shoti iko wapi?

SWALI: Habari fundi, nina Corolla wagon, wiki ya pili sasa kila nikiwasha taa za parking fyuzi ya ampia 10 inakata palepale, taa za nyuma, ya pleti namba na za dashibodi zote zinazima. Fundi wa mtaani kaniwekea kawaya badala ya fyuzi, nikasikia harufu ya plastiki inaungua nikazima haraka. Nifanye rewaya gari zima?
Dereva, Morogoro

JIBU: Ndugu yangu, kabla hujasoma mbele nenda kachomoe hako kawaya, nakuomba sana. Fyuzi imewekwa iungue yenyewe ili waya usiungue, ukiweka kawaya kinachobaki kuungua ni gari. Na rewaya usilipie bado, mara nyingi shoti ni sehemu moja tu.

Tafuta globu ya indiketa ya wati 21, iunge waya mbili, toa globu zote za nyuma na ya pleti namba maana zikibaki zitakudanganya, halafu chomeka waya zako pale fyuzi inapokaa na uwashe taa. Globu ikiwaka kwa nguvu zote shoti ipo, ila hapo haupiti umeme zaidi ya ampia 2 hivi kwahiyo waya hauchemki na una muda wa kutafuta taratibu. Ikiwaka kwa mbali tu, ni taa za dashibodi hizo, ziache.

Sasa mtu akae aangalie globu we ukatikise waya. Kwa wagon mimi huanzia mlango wa nyuma, kwenye ile raba ya waya karibu na bawaba, maana kila ukifungua na kufunga waya zinakunjwa palepale miaka nenda rudi mpaka ganda linapasuka shaba inagusa bodi. Globu ikififia ghafla, umeipata. Kama siyo hapo angalia soketi za taa zilizoingia maji, na waya wa redio kama ilifungwa mtaani.

Usizungushie tepu tu. Kata palipochubuka, unga kipande kipya cha unene uleule, kilehemu, acha ulegevu kidogo mlango usikivute, ndo urudishe fyuzi, ileile ya 10. Na kwa vile ulishasikia harufu, fuata huo waya mpaka kwenye boksi la fyuzi, ukikuta ganda limelainika au limegandana na waya za jirani, hicho kipande chote badilisha.