Mchicha wa uani karibu na kiwanda cha betri

SWALI: Nimepanga nyumba Mikindani, Mombasa, si mbali na Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifungwa mwaka 2014. Uani nimepanda mchicha, mihogo na bamia, na nina kuku wachache. Jirani aniambia sumu imeshaisha, na kwamba mboga ikichemshwa vizuri haina neno. Ni kweli?
Mama wa watatu, Mikindani

JIBU: La, mama, si kweli yote mawili. Risasi, metali yenye sumu itokayo kwenye betri hizo, haiozi. Hushikamana na udongo wa juu ikakaa hapo miaka na miaka, na moto wa jikoni hauiondoi. Ndiyo sababu mahakama mjini Mombasa, ilipoamuru mwaka 2020 wakazi wa Owino Uhuru walipwe shilingi bilioni 1.3, iliamuru pia mazingira yenyewe yasafishwe.

Pima kwanza. Chota udongo wa sentimita 15 za juu katika sehemu nane hadi kumi za bustani, uchanganye kwenye ndoo ya plastiki, kisha utoe nusu kilo. Udongo wa pale maji ya mabati yanapodondokea ufunge peke yake, kwa kuwa vumbi lililotua juu ya paa huoshwa likakusanyika hapo. Wengi hukosea wakifika maabara: husema tu wanataka udongo upimwe, wakapewa majibu ya mbolea. Wewe taja risasi, kadmiamu na aseniki (sumu nyingine mbili), na pH (kipimo cha asidi ya udongo). Kwa bustani ya mboga tunapenda risasi iwe chini ya miligramu 100 kwa kilo ya udongo. Ikifika 400, usipande humo chakula chochote. Tumia magunia au tuta la udongo uliotoka mbali, kina sentimita 30, na chini yake utandike kitambaa kizito.

Hadi majibu yarudi, acha mchicha. Geuza jani la chini baada ya mvua uone chembe za udongo zilizoruka zikaganda. Risasi nyingi ya mboga za majani huingia hivyo, si kwa mizizi. Kiwango cha juu cha risasi kwa mboga hizo katika Codex, kanuni za kimataifa za chakula, ni miligramu 0.3 kwa kilo. Udongo wenye miligramu 1,000 kwa kilo ukiganda gramu 0.3 tu kwenye kilo nzima ya mchicha, umeshafika hapo. Mihogo menya ganda nene, uioshe kabla na baada ya kumenya. Bamia ina nafuu kubwa kuliko hizo mbili, ila uioshe sana.

Kadmiamu ina tabia nyingine: hupanda kwa mizizi hadi kwenye majani, hasa udongo ukiwa na asidi, na asidi ya betri ndiyo huongeza hali hiyo. Kuosha hakusaidii. Chokaa ya kilimo inayofikisha pH 6.5 hadi 7 huipunguza. Mbolea ya fosfeti nayo hufunga risasi, lakini huweza kuifungua aseniki, ambayo pia huwamo katika risasi ya betri. Usiimwage kabla ya kuona majibu.

Kuku wafungie na uwalishe kwenye chombo. Wakiparura udongo huo, risasi huingia kwenye mayai. Na watoto wapelekwe kupimwa damu ya mshipa, hata kama wanaonekana wazima: Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe kuanzia mikrogramu 5 za risasi kwa desilita ya damu.

SWALI: Nikipanda alizeti, itafyonza risasi yote?
Msomaji, Changamwe

JIBU: Hapana. Risasi imeng'ang'ania udongo, na alizeti huvuta kidogo mno. Miaka mingi ya mavuno haitatosha. Nyasi nene zinazofunika vumbi zitakufaa zaidi. Ikiwa alizeti umeshapanda, usikamue mbegu, usiwape mbuzi mabua, wala usiyachome.