Kwa nini gazeti ni lilelile kila kipindi

Mkuu, kama umehisi gazeti wanalosoma waigizaji kwenye vipindi vya TV vya Marekani ni lilelile, hujaona vibaya. Gazeti analosoma baba mwenye nyumba, Al Bundy, kwenye kichekesho cha Married... with Children ndilo hilohilo unaloliona kwenye vichekesho vingine kama Scrubs na Modern Family. Si gazeti la kweli. Linachapwa na Earl Hays Press, kampuni ya California inayotengeneza karatasi za kuigizia. Gazeti halisi lazima uombe kibali kwa wenyewe, na hapo kuna mlolongo. Hili la bandia ni bei chee na hakuna wa kukushitaki. Simamisha video umtafute dada mwenye nywele nyeusi kwenye picha ya gazeti hilo, yupo tu miaka yote.

Ila kwangu mimi kiboko ni kiti cha Archie Bunker, mhusika mkuu wa kichekesho kingine cha Marekani, All in the Family. Kilinunuliwa duka la mitumba kwa dola chache. Mwaka 1978 kikapelekwa makumbusho ya Smithsonian, Washington, na huku kipindi bado kinarekodiwa! Ikabidi itengenezwe nakala, na nakala ya kiti kile chakavu ikala maelfu ya dola.

Nyumba nazo huzungushwa, moja inatumika kwenye vipindi tofauti. Ile ya kipindi cha The Partridge Family ndiyo ya akina Kravitz, majirani wa Samantha kwenye kipindi cha Bewitched. Ilikuwa kwenye uwanja wa studio pale Burbank, California.