Korosho zilizoshushwa daraja: anza na namna unavyoziokota

Dada wa Nachingwea, pole sana. Umeuliza kwa nini korosho zako zilipangwa daraja la pili ilhali jirani yako alipata la kwanza. Umesema mwenyewe ulikuwa unaokota kila Jumamosi. Mikorosho yako haina kosa. Kosa ni hizo siku saba chini ya mti.

Korosho usiiangue, iliyokomaa huanguka yenyewe na bibo lake, yaani lile tunda laini linaloshikana nayo. Safisha chini ya mti kabla hazijaanza kudondoka, kisha okota kila siku, hasa mvua za Novemba zikikukuta. Ukitenganisha bibo, zungusha, na kinyama kinachobaki kwenye korosho ukitoe chote. Hapo wengi tunakosea. Kinyama kile ndicho kinacholeta ukungu na madoa meusi.

Anika juani siku mbili hadi tatu, tandaza nyembamba, geuzageuza. Jioni zikusanye uzifunike, umande usizikute. Zikikauka, ukizitikisa kiganjani zinagongana kwa mlio mkavu, na ukucha haubonyei kwenye ganda.

Hifadhi kwenye magunia ya katani, juu ya chaga, mbali na ukuta. Mimi niliwahi kutia kwenye viroba vya plastiki; zikatoa jasho, na magunia mawili nikarudishiwa. Iliniuma sana.

Mbovu na changa zichambue nyumbani kabla ya kupeleka AMCOS, chama chetu cha ushirika cha kuuzia mazao. Na za msimu uliopita, dada yangu, usizichanganye kabisa.