Maandishi ya neoni yasiyowaka: kwa nini Outer Glow peke yake haitoshi

Mkuu, umeuliza kwa nini maandishi yako ya neoni juu ya ukuta wa matofali yanaonekana kama stika yenye manyoya pembeni, wakati umeshaweka Outer Glow (mng'ao wa nje wa herufi kwenye Photoshop) na kuongeza Size (ukubwa wake) kadiri inavyokwenda. Tatizo haliko kwenye Size. Hata ukiivuta hadi 250, ambayo ndiyo kikomo chake kwenye Photoshop, utapata manyoya marefu zaidi na taa bado haitawaka. Rangi iliyosambaa pembeni ni sehemu moja tu ya mwanga. Jicho linataka pia giza la kuzunguka, kiini kilichokaribia weupe, na mwanga huohuo ukitua juu ya vitu vya jirani.

Anza na giza. Skrini haiwezi kuonyesha kitu king'avu kuliko nyeupe, yaani 255 kwenye kila chaneli (nyekundu, kijani na bluu, kila moja ikianzia 0). Ukuta uliopigwa picha mchana unasoma 160 au 170, kwa hiyo mwanga wako umebakiwa na nafasi finyu sana ya kupanda. Weka leya (tabaka) ya Curves, inayorekebisha ung'avu, juu ya picha ya ukuta, shusha mpaka matofali yasome kati ya 35 na 60 kwenye dirisha la Info, kisha punguza Saturation kwa 20 hivi, maana usiku rangi hufifia. Ukipuuza hatua hii, yote yanayofuata ni kazi bure.

Sasa kiini. Kamera ikielekezwa kwenye mrija wa neoni, mrija wenyewe huungua: chaneli zote zinagonga dari na kinachobaki ni weupe wenye dalili ndogo ya rangi. Rangi halisi unaiona kwenye mng'ao. Wewe umefanya kinyume, umeyapa maandishi waridi iliyokolea na mng'ao umeuacha hafifu. Yape maandishi rangi kama 255, 225, 235. Kisha ongeza Inner Glow (mng'ao wa ndani ya herufi) yenye waridi yako, tuseme 255, 50, 120, Source iwe Edge ili uanzie kingoni, na Size iwe karibu theluthi moja ya unene wa herufi. Badilisha modi (namna rangi zinavyochanganywa na kilicho chini) ya hiyo Inner Glow iwe Normal. Ikibaki Screen hutaona kitu, kwa sababu Screen haiwezi kutia rangi juu ya kitu ambacho tayari ni cheupe.

Mng'ao wa nje ndio unaohitaji subira. Mwanga unaotawanyika ndani ya lenzi una umbo maalumu: mkali sana karibu na chanzo, unashuka haraka, halafu unaacha mkia mrefu ulio hafifu sana. Gaussian Blur moja, yaani filta ya kutia ukungu, haina mkia huo. Inaanza laini, inashuka, na ikifika kama mara tatu ya Radius (upana wa ukungu) imekwisha kabisa. Ule mwisho unaoonekana ndiyo manyoya unayoyalalamikia. Dawa ni kupanga ukungu kadhaa zenye Radius tofauti, moja juu ya nyingine.

Rudufu leya ya maandishi, ondoa Inner Glow kwenye nakala, ipe waridi iliyokolea, kisha igeuze kuwa Smart Object (leya inayotunza chanzo chake, ili filta zibaki zinarekebishika). Irudufu kwa Ctrl+J mpaka ziwe nne. Kwa picha yenye upana wa pikseli 2000, tia Gaussian Blur ya 4 kwenye ya kwanza, 14 ya pili, 45 ya tatu, 140 ya nne. Opacity (kiwango cha kuonekana kwa leya) anza na 100%, 80%, 60% na 45%, zote zikiwa kwenye Screen. Picha ikiwa na upana wa 4000, zidisha Radius zote kwa mbili. Herufi zako ni nyembamba, kwa hiyo ile ya 140 huenda isionekane kabisa: ukungu hauongezi mwanga, unagawa uleule kwenye eneo kubwa zaidi. Irudufu hiyo leya mara moja au mbili. Kwa kuwa nakala za Ctrl+J zinatumia chanzo kimoja, ukifungua mojawapo na kubadilisha neno, zote zinabadilika, na Radius unaweza kuirekebisha wakati wowote kwa kubofya mara mbili jina la filta. Leya ya kiini ndiyo pekee utakayoihariri kivyake.

Kuhusu modi, watu wengi huchagua kwa kubahatisha, na ni hasara, kwa sababu kila moja inafanya hesabu yake. Linear Dodge inajumlisha thamani za leya mbili na kukata kila kinachozidi 255. Ndivyo mwanga unavyofanya kweli, lakini inaungua haraka. Screen nayo inaongeza, ila kadiri inavyokaribia nyeupe inapunguza kasi, kwa hiyo ni salama zaidi kwa anayeanza. Color Dodge inagawanya, na matokeo yake ni kwamba nyeusi inabaki nyeusi hata uweke rangi kali namna gani. Ukiitumia Linear Dodge au Color Dodge, punguza nguvu kwa Fill, kitelezi kilicho chini ya Opacity kwenye paneli ya Layers, badala ya Opacity. Hizi ni kati ya modi nane za Photoshop ambazo Fill na Opacity hutoa matokeo tofauti, na kwa mng'ao Fill hushuka kwa upole zaidi.

Hapo ndipo rangi zinapowachanganya watu. Chukua chungwa ya 255, 120, 0. Zikilaliana leya mbili kwa Linear Dodge, nyekundu imeshafika 255 na haiendi popote, lakini kijani inapanda hadi 240. Chungwa yako imekuwa njano. Kwa hiyo mng'ao wa nje uupe rangi iliyoegemea nyekundu kuliko unayoitaka, kama 255, 60, 0, na mjumlisho wenyewe utakufikisha kwenye chungwa. Na rangi yenye sifuri, mfano 255, 0, 0, haiungui kuwa nyeupe hata uirudie mara kumi, kwa sababu sifuri ikijumlishwa na sifuri inabaki sifuri. Weka angalau 30 kwenye chaneli za chini. Bluu safi ya 0, 0, 255 ina shida yake: bluu inachangia takriban 7% tu ya ung'avu tunaouona, kijani ikichangia 72% na nyekundu 21%. Ndiyo maana taa ya bluu huonekana imezimika. Tumia kitu kama 50, 130, 255.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni mwanga unaotua ukutani, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi zinapoanguka hata kama mng'ao ni mzuri. Mwanga wa ndani ya lenzi unajumlishwa juu ya kila kitu, matofali na mifereji yake kwa usawa. Mwanga unaotua juu ya kitu unazidishwa na rangi ya kitu hicho: tofali linang'aa, mfereji wenye kivuli kati ya tofali na tofali unabaki na giza. Ukitumia Screen peke yake, mifereji inajaa waridi na ukuta unakuwa bapa kana kwamba kuna moshi mbele yake. Fungua leya mpya juu ya ukuta, chini ya maandishi, iweke Color Dodge yenye Fill 35%. Chukua brashi laini, Hardness 0%, Flow 5% hadi 8%, na upake waridi nyuma ya herufi, ukikolea karibu na kufifia haraka unavyotoka nje. Ukizidisha umbali mara mbili, mwanga kutoka kwenye nukta hubaki robo. Kwa mrija mrefu unashuka polepole zaidi, takriban nusu. Tazama kwa ukaribu kwenye 200%: kingo za tofali zinazoelekea kwenye herufi zinapaswa kuwa na ung'avu kuliko kingo za upande wa pili. Zipitie kwa brashi ya pikseli 3 au 4. Ni kazi ya dakika chache na ndiyo inayogeuza picha.

Kama kuna mtu au kitu mbele ya taa, mpangilio wa leya una maana. Mwanga wa ukutani uwe chini ya mtu huyo, maana yeye anauziba. Zile leya za ukungu wa 45 na 140 ziwe juu yake, zimwagikie kidogo kwenye kingo zake, kwa sababu mtawanyiko unatokea ndani ya lenzi, na lenzi haijui nani yuko mbele.

Utaona pia mistari kama pete kwenye mkia wa mng'ao. Hiyo ni biti 8, zenye ngazi 256 tu kwa kila chaneli, na mkia mrefu unatumia ngazi 20 au 30 kati ya hizo kwenye pikseli mamia. Geuza faili iwe biti 16 kabla ya kutia ukungu wowote. Mwishoni weka juu leya ya kijivu ya 50% kwenye modi ya Overlay, itie Add Noise ya 1.5% hadi 2%, chagua Gaussian na Monochromatic. Chembechembe hizo zinavunja pete hata baada ya kuhifadhi kama JPEG.

Ukiziweka leya za mng'ao kwenye grupu, hakikisha modi ya grupu ni Pass Through. Ikiwa Normal, Color Dodge na Screen zinachanganyika zenyewe kwa zenyewe ndani ya grupu na ukuta hauguswi, na mng'ao unageuka rangi bapa.

Kwa wanaotumia GIMP, programu nyingine ya kuhariri picha, modi ya kujumlisha inaitwa Addition, na biti 16 ziko kwenye Image kisha Precision, tangu toleo la 2.10. Leya ya maandishi huko ina mipaka yake, na ukungu ukikatika kwa mstari ulionyooka, tumia Layer to Image Size kabla ya filta. Toleo la 2.10.20 lilileta filta ya Bloom chini ya Light and Shadow. Inang'arisha kila kilicho juu ya Threshold (kiwango cha ung'avu unachokiweka), hivyo iendeshe kwenye nakala yenye taa pekee. Krita, programu ya kuchora, nayo ina Addition na Color Dodge.

PNG yenye uwazi haibebi modi. Ukihifadhi mng'ao peke yake bila ukuta, Screen inapotea na pembeni panatokea kijivu chafu, kwa hiyo hifadhi picha nzima iliyounganishwa. Na kama itachapishwa, fanya kazi yote kwenye RGB (rangi za skrini) na ukague mapema kwa Ctrl+Y, inayokuonyesha rangi zitakavyochapishwa. Waridi na bluu za namna hii zinatoka nje ya uwezo wa CMYK (rangi za wino wa uchapaji), na kinachookoa hapo ni kukoleza giza la ukuta zaidi, kwa sababu rangi yenyewe wino hauwezi kuifikia.