Kabla hujauza ng'ombe kwa ajili ya dawa ya majaribio

Juma lililopita msomaji mmoja wa Kakamega aliniandikia kwamba saratani ya damu ya mamake imerejea, na kwamba mtu fulani amewaahidi nafasi katika majaribio ya kingamwili mpya (protini ya kinga inayotengenezwa maabara iwe dawa) ng'ambo, mradi familia itangulize ada. Niliusoma ujumbe huo mara mbili, kisha nikaiweka simu kando, kwa maana nasi tulianza vivyo hivyo.

Mzee wangu aliugua mayeloma, saratani ya seli za plazma zinazokaa ndani ya uboho. Dawa za kwanza zilimpa nafuu hata akarudi kwenye mpunga wake kule Ahero. Ugonjwa uliporejea, nilikesha nikisoma habari za kingamwili mbili: rituximab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa limfoma (saratani za mfumo wa limfu) zilizorudi, na daratumumab, iliyoidhinishwa huko mwaka 2015 kwa mayeloma yenyewe. Niliyaona mafanikio, sikuuliza yalianzia wapi. Tukafanya harambee Kondele, tukauza ng'ombe wanne ili tulipie nafasi katika majaribio, na ni mimi niliyesimama mbele ya jamaa nikatangaza kwamba dawa imepatikana. Tangazo hilo linanichoma hadi leo.

Miezi miwili baadaye tuliambiwa kuwa figo za mzee zimedhoofika mno, hivyo hafai kushiriki. Dalali aliyetuahidi nafasi hiyo hakupokea simu tena.

Laiti ningeelewa mapema kwamba awamu ya kwanza ya majaribio hutafuta hasa kipimo cha dawa ambacho mwili unaweza kukistahimili, wala si kuthibitisha kwamba dawa inaponya. Wagonjwa wachache huanzishiwa kipimo kidogo, huangaliwa kwa makini, ndipo kundi linalofuata huongezewa. Kingamwili kama teclistamab hushika seli ya saratani upande mmoja na seli T ya kinga upande wa pili, na kinga hiyo ikichachamaa mgonjwa hupata homa kali na shinikizo la damu hushuka, ndiyo sababu dozi zake hupandishwa hatua kwa hatua. Jijini London, mwaka 2006, watu sita wenye afya njema walidungwa kingamwili iliyoitwa TGN1412, na wote sita wakaishia katika chumba cha wagonjwa mahututi. (Walinusurika, lakini nani alinisimulia hayo siku ya harambee?)

Basi, ndugu yangu, uliza ni awamu ya ngapi. Mwulize daktari anayemtibu mama, si dalali, kama anatimiza masharti. Uliza awamu tena, kwa sababu watakujibu kwa maneno matamu. Kwa kawaida watafiti hawamtozi mgonjwa ada ya kujaribiwa dawa, na sisi tunaojiita wasomi tuache kuwachangisha wazee wetu kwa tumaini ambalo hatujalisoma hadi ukurasa wa mwisho. Umesema ng'ombe wangali zizini. Waache humo hadi majibu ya figo za mama yatoke.