Kabla hujaipeleka barua ya kuacha kazi

Barua yangu ya mwaka 2014 ilikuwa na aya nne, na mbili kati ya hizo ni matusi yaliyovishwa Kiswahili cha ofisini. Nilikuwa mtangazaji wa zamu ya asubuhi kwenye redio moja ya Dar es Salaam. Naiita utangazaji kwa heshima tu. Kazi yangu ilikuwa kusoma saa, kutaja foleni ya Ubungo na Tazara, kisha kucheka pale wenzangu wawili wa kiume wanaposema jambo. Habari nilizokesha nikiziandaa zilikuwa zinakatwa, eti muda hautoshi. Muda wa mimi kucheka haukuwahi kukosekana. Alhamisi moja nikaipeleka barua. Walinigongea muhuri hata sijakaa vizuri kwenye kiti.

Siku hizi wadogo zangu wa kazi hii huniandikia usiku: dada, nimechoka, kesho naacha. Simwambii mtu avumilie, maana "vumilia" nimelisikia mpaka likanikinai. Huwasimulia habari za mwigizaji mmoja wa Marekani, Nichelle Nichols.

Alizaliwa mwaka 1932 huko Robbins, Illinois, mji mdogo wa watu weusi kusini mwa Chicago, na baba yake aliwahi kuwa meya wake. Alikuwa mcheza dansi na mwimbaji aliyezunguka na bendi ya Duke Ellington, mwanamuziki maarufu wa jazz. Ndoto yake ilikuwa jukwaa la Broadway, mtaa wa maigizo makubwa ya New York. Televisheni aliiona kama kituo cha njiani. Mwaka 1966 akapata nafasi kwenye tamthilia ya Star Trek, ya watu wanaosafiri angani miaka mia kadhaa ijayo, akiwa afisa wa mawasiliano. Na jina la afisa huyo, ndugu zangu, ni letu: Uhura. Kwa maelezo yake, siku ya usaili alikuwa ameshika kitabu chenye neno Uhuru kwenye jalada. Mwanzilishi wa tamthilia, Gene Roddenberry, akalipenda neno, wakabadilisha irabu ya mwisho ili lisikike laini, la kike. Mimi kila nikilisikia naona kama mtu kakosea kuandika. Lakini kuna kipindi kimoja ambacho Uhura anafutiwa kumbukumbu zote, inabidi afundishwe kusoma upya, na Kiingereza kinapomshinda anachomoka na Kiswahili. Hapo nimewasamehe irabu yao.

Sasa, jina zuri si kazi nzuri. Aliahidiwa mengi, lakini kila mwongozo ulipoandikwa upya maneno yake yalipungua, akabaki kumwarifu kapteni kwamba mawasiliano yako wazi. (Foleni ya Ubungo, ile ile.) Kibaya zaidi, watazamaji walikuwa wakimwandikia barua kwa magunia, naye hapewi. Alikuja kuambiwa baadaye na mfanyakazi wa pale kwamba barua zake zinazuiwa zisimfikie. Kwa hiyo alikuwa anapima thamani yake kwa kitu kimoja tu alichokiona, idadi ya maneno kwenye karatasi.

Msimu wa kwanza ulipoisha akampelekea Roddenberry barua ya kuacha. Roddenberry hakugonga muhuri. Aliitia kwenye droo, akamwambia aende akafikirie mpaka Jumatatu. Wikiendi hiyo Nichelle akahudhuria hafla ya NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, akaambiwa kuna mtu anayempenda sana anataka kumwona. Akageuka, akamkuta Dk. Martin Luther King, kiongozi wa mapambano ya haki za watu weusi. Akamweleza kwamba anaondoka, King akakataa kabisa. Alimwambia kwamba tamthilia hiyo ndiyo yeye na mkewe Coretta wanayowaruhusu watoto wao kukaa macho kuitazama, kwamba hapo mwanamke mweusi anaonekana mwenye akili na cheo, wala si mfanyakazi wa jikoni, na akitoka, kiti kile anaweza kupewa mtu yeyote. Jumatatu akarudi kwa Roddenberry, akakuta barua imeshachanwa vipande vipande.

Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia hapo na kupiga makofi. Mimi huwa nasimama kidogo. King hakumlipia kodi ya nyumba. Na kubaki hakukumwongezea maneno, kwani mpaka tamthilia inafungwa mwaka 1969, bado alikuwa kwenye kile kiti cha mawasiliano. Kilichobadilika ni kwamba alishajua nani anatazama, akaanza kukitumia kiti chenyewe. Miaka ya 1970 aliwasema NASA, shirika la anga la Marekani, hadharani kwamba kwenye mipango yao haoni watu kama yeye. NASA wakamwomba awasaidie kuwatafuta. Alikubali mwaka 1977, ila kwa onyo: akiwaletea wenye sifa kisha wakachagua wazungu wanaume watupu, hatanyamaza. Akazunguka vyuo na kampuni. Mwaka uliofuata, kati ya waombaji zaidi ya 8,000, walichaguliwa wanaanga 35, na ndani yao walikuwamo wanawake sita na wanaume weusi watatu. Mmoja ni Sally Ride, mwanamke wa kwanza Mmarekani kwenda angani. Mwingine ni Guion Bluford, Mmarekani mweusi wa kwanza. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, aliyepaa mwaka 1992, amesema mwenyewe kwamba alimtazama Uhura akiwa mtoto.

Mimi sikuwa na Roddenberry wala droo yake. Miezi miwili baada ya kuacha redio nilikuwa Tandika nanunua vitumbua, nikauliza bei, mama muuzaji akanyanyua uso: "We si yule wa saa?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Mwanangu, tangu uondoke watoto wangu wanachelewa shule. Hao wanaume wanaongea tu, saa hawasemi." Nilikula kitumbua changu pale pale nimesimama, na niwe mkweli, kilinikwama.

Kwa hiyo, mdogo wangu, andika barua yote, tena na matusi yake. Kisha itie kwenye droo yako mwenyewe, maana mabosi wengi hawana droo, wana muhuri. Izuie Ijumaa mpaka Jumanne. Katika siku hizo usimuulize mtu wa ofisini chochote, watakupa umbea. Watafute wanaokusikiliza, wateja, wanafunzi, wagonjwa, yeyote ambaye kazi yako inamfikia bila kupita kwa bosi. Uliza wanachokitumia kwako. Jibu litakushangaza kwa udogo wake, na pengine ndilo utakaloondoka nalo kwenda kuanzisha chako.

Kama hulipwi, au kuna mtu anakushika usipotaka, usingoje Jumatatu wala Jumanne. Hayo si mambo ya droo. Toka, na ushahidi wako utoke nao.

Barua yangu ya pili niliiandika mwaka 2019, redio nyingine. Ilikaa kabatini chini ya kanga siku tisa. Nilipoitoa nilifuta aya mbili, nikaacha tarehe, shukrani na sahihi, nikaipeleka. Muhuri wao ulikuwa ule ule wa haraka. Ila safari hii nilishapita Tandika kwanza, nikamwachia mama namba yangu na jina la kipindi kipya, na saa yenyewe ya kukisikiliza.