Bendi za Kanada: Majibu kwa Wasomaji

Tangu niliposema kwamba nyimbo za gitaa ninazozipenda kuliko zote, hasa zile za mtindo wa power pop, zinatoka Kanada, maswali hayakatiki. Leo najibu matano.

Hiyo power pop unayoisifu ni muziki gani hasa? Na mtu asiyejua lolote aanzie wapi? (Msomaji, Dodoma)

Jina hilo lilitumiwa na Pete Townshend, mpiga gitaa wa The Who, bendi ya Uingereza, mwaka 1967, alipokuwa akieleza muziki wa bendi yake. Chukua melodi tamu inayonasa kichwani mara ya kwanza tu, weka sauti za kuitikiana zilizopangwa vizuri kama walivyofanya Beatles, kisha acha gitaa lingurume na dramu zipigwe kwa nguvu zote. Wimbo mara nyingi unakwisha kabla ya dakika nne. Solo ndefu za kujionyesha hazina nafasi, kwa sababu kila chombo kinakimbilia kiitikio.

Anza na Sloan, bendi ya watu wanne iliyoanzishwa mwaka 1991 huko Halifax, mji wa bandari mashariki mwa Kanada. Sikiliza kwanza "The Good in Everyone", wimbo wa dakika mbili na sekunde chache, halafu "Everything You've Done Wrong". Zote zimo katika albamu ya 1996, One Chord to Another. Huo wa pili una tarumbeta, na mtu aliyelelewa na muziki wa dansi atazielewa mara moja.

Ila sababu yangu kubwa ya kukupeleka kwa Sloan ni kwamba wote wanne wanatunga na wote wanne wanaimba. Zamu ya mpiga dramu Andrew Scott ikifika, yeye anasimama na gitaa, na mpiga besi Chris Murphy anakwenda kukalia dramu. Kwa hiyo katika albamu moja unakutana na watungaji wanne wenye tabia tofauti, kila mmoja akijua kwamba wenzake watatu wanamsikiliza. Naamini hicho ndicho kinachozifanya bendi za Kanada kuwa na nyimbo nyingi nzuri: meza moja, watungaji wengi. New Pornographers wa Vancouver walikuwa hivyo, Broken Social Scene wa Toronto wako hivyo. Na Sloan hadi leo ni wale wale wanne.

Nimesikia kwamba Twice Removed ya Sloan iliwahi kutajwa kuwa albamu bora ya Kanada. Mbona kazini kwangu hapa Mississauga, Kanada, hata Wakanada wenyewe wengi hawaijui? (Baba wa watoto watatu)

Kaka, umesikia sawa. Albamu hiyo ilitoka mwaka 1994 chini ya Geffen, kampuni ya muziki ya Marekani iliyokuwa na bendi ya Nirvana. Wakati ule soko lilitaka magitaa yenye kelele na makovu. Sloan wakaja na nyimbo safi, zilizopangwa kwa uangalifu, zenye harufu ya miaka ya 1960. Kampuni haikufurahi, ikaitangaza kwa shingo upande, na bendi ikakaribia kuvunjika. Miaka miwili baadaye jarida la Chart la Kanada likapigisha kura ya albamu bora za nchi hiyo, na Twice Removed ikashika nafasi ya kwanza. Kura iliporudiwa mwaka 2000, mwimbaji Joni Mitchell akaipiku kwa albamu yake Blue, na 2005 Sloan wakarudi juu.

Kumbuka waliopiga kura ni watu waliokuwa wakifuatilia bendi kwa moyo. Ndiyo maana wenzako kazini wanaweza kuwa hawaijui. Wachezee "Coax Me" ya albamu hiyo saa ya chakula, uone.

Sensa ya 2022 ilituhesabu Watanzania zaidi ya milioni 61. Kanada mwaka 2021 hawakufika milioni 37. Bendi zote hizo wanazipata wapi? (Mwalimu, Mwanza)

Kipaji kipo kila mahali, mwalimu. Wenzetu waliongeza sheria na fedha. Mwaka 1971 redio zao za AM ziliagizwa kwamba asilimia 30 ya muziki wanaopiga uwe wa Kanada. Mwaka 1999 redio za biashara zikapandishiwa hadi asilimia 35 kwa muziki wa kisasa. Ili wimbo uhesabiwe kuwa wa Kanada, yaliangaliwa mambo manne kama ni ya Kanada: mtunzi wa muziki, msanii, mahali uliporekodiwa au kupigwa, na mtunzi wa maneno. Ulipotimiza mawili, ulipita. Utaratibu huo ulileta vituko: mwanzoni mwa miaka ya 1990 nyimbo za Bryan Adams, Mkanada wa kutupwa, zilikataliwa kwa kuwa alizitunga na mtu wa nje. Baadaye kanuni ikalegezwa.

Kwa maoni yangu asilimia hizo ziliwanufaisha kwanza wakubwa. Bendi ndogo zilisaidiwa zaidi na FACTOR, mfuko ulioanzishwa mwaka 1982 kusaidia gharama za kurekodi na kuzunguka kwenye maonyesho, na redio za vyuo zilizopiga kanda za vijana wa mtaani bila kuogopa.

Shikamoo. Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nitafaidi nini? (Mwanafunzi, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Utafaidi sana. Tafuta "The Bleeding Heart Show" ya New Pornographers, kutoka albamu yao ya 2005, Twin Cinema. Unaanza taratibu, kama hauna haraka ya kwenda popote. Baada ya nusu, dramu zinafunguka na waimbaji wanaungana kwenye kiitikio cha "hey la" kinachorudiwa mpaka mwisho. Hapo hakuna Kiingereza cha kuelewa. Sauti ya Neko Case, mmoja wa waimbaji wao, ndani ya kundi lile inanisimamisha vinyweleo hadi leo.

Kisha sikiliza "Archie, Marry Me" ya Alvvays, bendi nyingine ya Kanada, ya mwaka 2014. Maneno nakueleza: msichana anambembeleza mpenzi wake wafunge ndoa, ingawa jamaa anaidharau ndoa na ana mikopo ya chuo ya kulipa. Mwimbaji wao, Molly Rankin, anaimba hayo juu ya gitaa zito, na kiitikio utakishika ukiwa bado hujajua Archie ni nani.

Rafiki yangu amejifungia ndani tangu apoteze kazi. Nimemwandalia nyimbo 40 za indie, yaani za bendi huru. Nimtumie zote? (Dada, Nairobi)

Hapana, dada yangu. Mtu aliyevunjika moyo hana nguvu za nyimbo 40. Ataona ni kazi nyingine aliyopewa. Mtumie mmoja: "Plea from a Cat Named Virtute" ya Weakerthans, bendi ya mji wa Winnipeg, ya mwaka 2003. Anayeimba ni paka. Bwana wake amezama kwenye pombe na televisheni, na paka amechoka. Anamwambia wafungue nyumba, waalike paka wa jirani, waandae karamu. Anamtisha kwamba asipoacha kujidanganya atamng'ata. Halafu mwishoni anamwambia anajua ana nguvu. John K. Samson, mwimbaji na mtunzi wa Weakerthans, ameandika nyimbo nyingi nzuri, lakini sijasikia nyingine inayomsemesha mtu mwenye huzuni kwa upendo na ukali wa namna hiyo bila kumhubiria.

Upo mwendelezo wake wa mwaka 2007, ambapo paka ameshaondoka na anaanza kusahau jina alilopewa. Huo ni mzuri kupita kiasi, na kwa sasa usimtumie kabisa. Mtumie ule wa kwanza asubuhi, na jioni nenda ukambishie hodi.